Mwito wa Kwanza Hauitikiwi

Kwetu mtu akiitwa mara moja haitiki. Ananyamaza, anatega sikio, anangoja. Akiitwa mara ya pili ndipo anaitika. Tuliambiwa tangu utotoni kwamba wafu huita mara moja tu, pumzi ya kuita tena hawana, na ukiwaitika umekubali kufuatana nao. Asiyeitika mwito wa pili, huyo hayupo, na mwitaji anakwenda zake. Mara ya tatu haiitwi. Kuita mara ya tatu kwenye nyumba iliyonyamaza ni kuiombea msiba, na nimewahi kuona mtu mzima akizibwa mdomo na mkewe kwa sababu hiyo.

Mchungaji wetu alikuwa akiyakemea mambo hayo kila alipopata nafasi. Siku moja nilimwita kwa makusudi nyuma ya kanisa, "Mchungaji!", nikaona alivyosimama wima na kikapu chake cha mapeasi, kimya, akingoja nimwite tena. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama alinifinya sikio, ila naye alikuwa anacheka.

Nyumba yetu iko upande wa Vuga, juu ya bonde refu. Ng'ambo ya bonde kuna mlima mwingine wenye nyumba kama zetu na makinga maji ya kabeji na karoti kama yetu. Mtu wa ng'ambo unamwona anavyojifunga kanga yake, lakini ukitaka kumpa mkono utashuka na kupanda mpaka jua ligeuke. Kwa hiyo habari tulizipaza kwa sauti: msiba, mtoto kuzaliwa, ng'ombe kupotea. Kila ukoo ulikuwa na waitaji wake, na kwetu walikuwa baba na shangazi, dada yake baba.

Kazi hiyo haikuwa ya kupiga makelele tu. Baba alisimama kwenye kona ya mfereji, pale maji ya kumwagilia yanapokunja kufuata ubavu wa mlima. Shangazi alipanda juu ya jiwe, mbali kidogo na baba. Waliita wawili kwa sababu bonde lile lina hila. Leo upepo unameza sauti ya jiweni na kuiacha ya mfereji, kesho kinyume chake. Juu kabisa ya bonde kuna jabali linalorudisha sauti, na sauti iliyorudi ikikutana na inayokwenda, mahali pengine zinasaidiana na mahali pengine zinauana. Ukisogea hatua chache tu, uliyekuwa unamsikia unampoteza.

Basi waliita wote wawili mwito wa kwanza usio na habari yoyote ndani yake. Ng'ambo, mzee mmoja ambaye sote tulimwita mghoshi, kama Wasambaa wanavyomwita mwanamume mtu mzima, alitoka uani akasikiliza. Waliita tena. Sasa mghoshi aliitika: sauti moja ndefu ikiwa amemsikia wa jiweni, mbili fupi ikiwa amemsikia wa mfereji. Asiyesikika alinyamaza, anayesikika akatoa habari. Upepo ukigeuka katikati ya maneno, mghoshi alikaa kimya na wale wawili wakabadilishana. Siku za ukungu mzito walisema wote, neno kwa neno, mmoja akimfuata mwenzake, ili lililodondoka kwa huyu lidakwe kwa yule.

Sikujua kwamba hiyo ni elimu mpaka nilipokwenda kuisoma kwa Kiingereza Dar es Salaam.

Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Kaka yangu, mkubwa wangu, ndiye aliyesimama kwenye kona ya mfereji kuutangaza msiba, kwa kuwa mwitaji mwenyewe ndiye aliyekuwa amelala ndani. Alikuwa na sauti nene yenye mkwaruzo mwishoni, kama kitasa kinachofungwa. Ng'ambo waliitika mbili fupi, na tangu siku hiyo kona ikawa yake.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Watu waliokuwa wakipanga foleni kwa kipande cha sabuni waliona sabuni za kila rangi zimetandazwa chini sokoni Lushoto, na mitumba, na redio, na viatu visivyo na wenzi. Kila mtu akawa mfanyabiashara. Kaka alianza kushusha mboga Magoma, huko chini kwenye joto, akakutana na vijana waliotoka machimbo ya vito na saa kubwa mikononi. Alirudi hapatani tena na jembe. Mama alimwambia asiyejua kushukuru kabeji hatashukuru dhahabu. Kaka alimjibu kwamba wala si dhahabu anayofuata, ni mawe ya kijani, na mama akasema hilo ndilo baya zaidi, mtu kuacha shamba akafuate mawe wakati mawe yamejaa shambani.

Alipoondoka alishuka mpaka chini bondeni, akageuka, akaita. Mama alikuwa kwenye kona. Alinyamaza. Kaka akaita tena, na mama akaitika kwa nguvu kiasi kwamba kunguru waliruka. Huko ndiko kulikuwa kuagana kwao.

Mwanzoni salamu zilikuja kwa watu. Yuko kaskazini, amenenepa. Ameelekea kusini, kuna machimbo mapya. Halafu waliokuja hawakuwa wamemwona, halafu hata waliokuja wakakoma. Shangazi alibaki kuita peke yake jiweni, na ng'ambo wakawa wanalalamika kwamba siku hizi misiba yetu inawafikia nusu. Walikuja kuzika wakiwa hawajui anayezikwa.

Ni wakati huo mama alipoanza kusikia.

Ilikuwa alasiri, msimu wa ukungu unaopanda kutoka bondeni na kufuta kwanza mfereji, kisha migomba, kisha choo. Mama alikuwa akipalilia. Akaachia jembe, akasimama. Nilikuwa nimerudi likizo, nimekaa mlangoni namenya viazi, na naapa nami nilisikia: mwito mmoja, mzito, kutoka upande wa kona, na mkwaruzo ule mwishoni. Nikaacha kumenya. Mama hakuitika. Aligeuza sikio, akangoja mpaka ukungu ukamfunika na yeye, kisha akaingia ndani na kuinjika maji ya bada, ugali wetu wa muhogo.

"Hakuita tena," alisema, kama anayesema mvua haikunyesha.

Nilijiambia ni jabali. Mtu ameita bondeni, sauti imepita njia mbili tatu, ikafika imechelewa na kubadilika. Chuoni nilikuwa nimeshafundishwa kuzichora njia hizo. Lakini nilipokwenda kuchota maji jioni ile sikupita kwenye kona, nilizunguka kwa juu, na nikajichukia kwa kufanya hivyo.

Baba mdogo, mdogo wake baba, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo sasa. Habari zilipomfikia alikuja na wazee wengine wawili, wakala, wakanywa chai, wakajifuta midomo, ndipo akasema. Aliyepotelea mbali na mwili wake haukuonekana huzikwa kwa mgomba. Unakatwa shina, linavikwa sanda, linalazwa kaburini kama mtu, na nafsi inapata pa kutulia.

"Shemeji, mtoto anatangatanga. Ndiyo maana anaita. Tumzike apumzike."

"Anatangatanga kwa kuwa yuko safarini," mama alijibu. "Nikimzika atarudi wapi? Kwenye nyumba yenye kaburi lake?"

"Subira yavuta heri, lakini na subira ina mwisho wake."

"Mwisho wake nitawaambieni mimi."

Jambo lilikuwa hilo tu, na lilikaa nasi kila mlo kwa miaka: kumzika kaka au kumngoja. Wazee walitaka kulifunga. Shangazi alikaa katikati. Mimi nilitaka mama apate kujua, liwe liwalo, kwa sababu nilimwona anavyokwisha. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, sikatai, lakini na mtoto anayemtazama mzazi wake akigeuza sikio kila ukungu ukipanda, naye ana uchungu wake.

Huko chuoni siku moja mwalimu alichora ubaoni mnara wenye antena mbili na simu moja mbali nao. Akasema njia ya hewani haitulii: inabadilika mtu akipiga hatua, jani likilowa, gari likipita. Mtumaji asiyejua hali ya njia anapayuka tu gizani. Kwa hiyo mnara unatanguliza ishara isiyo na habari ndani yake, simu inaisikiliza na kurudisha jibu la jinsi ilivyosikia, na mnara unajirekebisha: unaongeza nguvu au unapunguza, unachagua antena hii au ile, na hali ikiwa mbaya unatumia zote mbili, neno lile lile likipita njia tofauti. Darasa zima lilikuwa linaandika kwa kasi. Mimi nilikuwa nimeacha kalamu. Nilimwona baba kwenye kona na shangazi jiweni, na mghoshi akisema mbili fupi. Mwalimu aliniuliza kama nimeelewa, nikamjibu kwamba kwetu tunaita hivyo kutangaza misiba, na wenzangu wakacheka wiki nzima. Wacheke. Mtihani wa somo lile niliwashinda wote.

Kampuni za simu za watu binafsi zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia, na zilichukua wahandisi kama mchwa wanavyochukua kuni. Niliajiriwa na mojawapo. Miaka michache baadaye ulisimikwa mnara kwenye mlima upande wa Shume, kule kwenye msitu wa mbao, nami nikapangwa kwenye timu ya kupima ulivyosikika mabondeni. Nilitembea makinga maji na kifaa changu mkononi, wanawake wakinisalimu kwa mashaka, na nilipofika kwetu nilizunguka uwanja wote wa nyumba bila kupata mtandao. Mlangoni hakuna. Jikoni hakuna. Jiweni kwa shangazi, kidogo sana, unakuja na kutoweka. Nikashuka kwenye kona ya mfereji, na mtandao ukashika.

Mahali pengine popote kwenye ardhi yetu pangenifurahisha. Nilirudia kupima kama mjinga, nikitoka na kurudi, na kila nilipotoka ulikufa na kila niliporudi ulifufuka. Mawimbi kutoka Shume yalikuwa yanagonga jabali na kuangukia pale pale. Sababu yake naijua na naweza kuiandika kwa hesabu. Hata hivyo nilikizima kifaa nikapanda nyumbani bila kugeuka nyuma.

Mama nilimnunulia simu. Tulichomeka mti kwenye kona, tukatundika kikapu kidogo cha ukindu na kifuniko cha nailoni kwa ajili ya mvua, na simu ikaishi humo. Ikipelekwa nyumbani ilikuwa bubu. Namba yake niliituma kwa kila mtu aliyekwenda machimbo yoyote, na redio ikaisoma kwenye matangazo ya wanaotafutwa na ndugu zao. Mama akawa anapalilia karibu na kona tu. Upande ule wa shamba haukuwahi kuwa safi kiasi hicho, na upande wa pili ukawa pori.

Nilidhani nimemaliza kazi. Kumbe nilikuwa sijamhesabu mama. Simu ikiita, alisimama mbele ya kikapu, mikono nyuma, akaisikiliza mpaka ikanyamaza. Ikiita tena ndipo akaipokea.

"Mama, hii ni simu! Mfu gani ana simu?"

"Wewe unajua vitu walivyo navyo?"

"Anayepiga anapoteza hela zake."

"Na aniite vizuri. Tena mwambie huyo mwenzako wa kazini akipiga aanze na shikamoo, si kuniuliza nani mwenzangu."

Niligombana naye mpaka nikachoka. Mwishowe wote waliompigia walizoea kupiga mara mbili, hata wenzangu ofisini, na mmoja wao akawa anasema nyumbani kwetu kuna masharti kama kwa mganga. Shangazi aliniambia niache ubishi, kwani mtoto wetu mwenyewe, popote alipo, anajua kwamba kwetu mwito wa kwanza hauitikiwi. Hilo lilinituliza. Mtu mgeni angekata tamaa, lakini kaka angepiga tena.

Siku ilipotokea mimi nilikuwa Tanga kikazi. Mama alinisimulia mwenyewe nilipopanda mwisho wa wiki. Ilikuwa alasiri, ukungu umeshafunika kona, yeye akiosha karoti mferejini. Simu iliita. Alisimama mbele ya kikapu akaisikiliza, na anasema alijua. Hakuniambia alijuaje. Ilipokoma aliitoa kikapuni akaikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, ndani ya kanga, akangoja ya pili. Alingoja mpaka karoti zikachukuliwa na maji.

"Haikuita tena," aliniambia.

Namba ilikuwa imebaki kwenye kioo. Nilipiga pale pale. Mteja hapatikani. Nilipiga siku zilizofuata, asubuhi na mchana, hapatikani. Na wakati mimi nabonyeza vitufe kwa hasira, mama alikuwa anaamua. Siku nilipotaka kuondoka alikuwa amevaa kanga nyeusi.

"Mwambie baba yako mdogo aje na wazee."

"Mama, hatujui ni nani aliyepiga!"

"Mwanangu angeita mara mbili. Nimemlea mimi, namjua. Aliyeita mara moja yuko upande wa pili, na amekuja kuniaga."

Nilipiga kelele. Nilimwambia kwamba anamzika mtoto kwa sababu ya mlio wa simu, kwamba betri huisha, kwamba hela huisha, kwamba huenda ni mtu wa mboga aliyekosea namba. Nilisema na mengine ambayo mtu hamwambii mama yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nitakula kabla ya safari.

Tulimzika kaka. Mgomba aliuchagua mama mwenyewe, ule uliokuwa karibu na kona, na hakutaka mkono wa mtu. Aliuchimba asubuhi kabla watu hawajafika, akauvika sanda ndani kwa mlango uliofungwa, na tulipoitwa tulikuta umelazwa kitandani umefunikwa vizuri. Wanaume walipoubeba walilalamika chini kwa chini. Mgomba mtupu hauwi mzito vile. Baba mdogo aliteleza kwenye utelezi, akanong'ona kwamba hata akiwa mgomba kijana huyu ni mkaidi, na baadhi yetu tulicheka huku tunalia. Mchungaji alikuja pia. Alisimama kando kidogo, kama jirani aliyepita tu, na akasoma zaburi kwa sauti ya chini. Shangazi alipanda jiweni akautangaza msiba peke yake. Ng'ambo waliitika sauti moja ndefu.

Baada ya hapo ukungu ulipanda na kushuka na hakuna aliyeita kutoka konani. Baba mdogo alisema si mmeona, amepumzika. Kwangu kimya kile kilikuwa kibaya kuliko mwito. Nilikuwa nikija nyumbani nakaa mlangoni alasiri, nimetega sikio kama mama, namsubiri mzimu nisioamini kwamba upo. Nilimkumbuka sana kaka siku hizo.

Ilipita misimu miwili ya mvua. Nilikuwa Shume, chini ya ule mnara, nangoja fundi aliyekuwa juu anifungie kebo ya antena moja iliyolegea. Sikuwa na la kufanya. Nikabonyeza namba ile kwa mazoea, kama mtu anavyojikuna, na ikaita. Ikapokelewa na mwanamke.

"Kibanda cha simu, karibu."

Nilimweleza haraka haraka, maneno yakigongana. Alikuwa mfanyabiashara anayefuata machimbo. Mawe yakihama na kibanda chake kinahama, na kwa muda mrefu alikuwa mahali pasipo na mtandao. Alisema wanaopiga kwake ni wengi, hawezi kuwakumbuka wote.

"Ngoja. Mlima upi ulisema? Huyo namkumbuka kwa sababu ya kituko chake. Alipiga, haikupokelewa, nikataka kuikata simu. Akasema, usijali dada, kwetu ya kwanza hawaitiki. Akacheka. Akapiga tena."

"Akapiga tena?"

"Ndiyo. Ikasema mteja hapatikani. Nikamwambia ajaribu mara ya tatu, nisingemtoza. Akakataa kabisa, akasema ya tatu ni mkosi. Akakaa pale kwenye benchi. Akasema, kama mama angekuwepo angeitika ya pili, basi mama hayupo tena. Alilia, dada yangu. Mwanamume mzima. Kisha akaondoka na wenzake, wanasema walivuka mpaka. Sijamwona tena."

Fundi aliniita kutoka juu ya mnara. Sikuitika. Nilikuwa nimekaa kwenye zege la msingi, na nilikuwa namwona mama ndani ya ukungu, na simu kifuani, mikono miwili juu yake, ndani ya kanga. Kwenye kona ile mtandao ulifika kwa uzi tu. Mnara nao huita zaidi ya mara moja kabla ya kutangaza kwamba mtu hapatikani. Unarudia, unatafuta jibu, kwa kuwa bila jibu haujui simu iko wapi wala useme nayo vipi. Simu iliyotundikwa kikapuni ingeitika. Iliyozibwa na mwili wa mtu, na mikono, na kanga iliyolowa, haikusikia kitu. Mama alimkumbatia mwanawe kwa nguvu mpaka sauti yake ikashindwa kupita.

Nilifika nyumbani siku iliyofuata. Shikamoo yangu haikutoka vizuri, na mama alinitazama akajua nimebeba kitu. Nilimweleza tukiwa tumesimama uani. Nilimweleza kibanda, kicheko, mwito wa pili, benchi. La kifuani sikumwambia. Nilingoja aanguke.

Hakuanguka. Alijifunga kanga upya, akaniambia nimfuate. Tulikwenda kaburini, pembeni ya migomba, mahali ambapo sikuwa nimekanyaga tangu siku ile. Katikati ya udongo lilikuwa limechomoza chipukizi la mgomba, lenye majani matatu yaliyokunjuka na la nne bado limejikunja, kijani kibichi. Lilikuwa limepaliliwa.

"Nilimzika na kisiki chake," mama alisema. "Mgomba ukikatiwa kisiki unaoza. Sikuweza kumkatia."

Ndipo nikaelewa ule uzito. Nilicheka, nikalia, sikujua ninafanya lipi. Yeye alikuwa anang'oa jani la gugu pembeni ya shina, kwa utulivu.

"Kuanzia leo naitika ya kwanza," alisema.

"Na ikiwa ni wafu?"

"Kama ni wa kwangu, nitaitika."

Tulishuka kwenye kona. Simu ilikuwa kikapuni, imenyamaza. Nikaona nimwambie jambo moja tu, kwa namna ya kawaida, kama fundi anayeelekeza mteja.

"Ila mama, ukimaliza kuongea irudishe kikapuni. Usikae nayo mkononi."

"Mbona?"

"Inasikia vizuri zaidi ikiwa peke yake, imetundikwa."

Alinitazama. Aliutazama mti, kikapu, kisha mikono yake mwenyewe, aliyoigeuza polepole viganja juu. Nilitamani nimeze maneno yangu.

"Siku ile niliikumbatia," alisema.

"Ukungu ulikuwa mwingi, mama."

"Niliikumbatia."

Maji yalikuwa yanapita mferejini, na upande wa chini ukungu ulikuwa umeanza kupanda, umeshafika kwenye karoti. Mama alisimama pale pale walipokuwa wakisimama baba na kaka, akaweka mikono mdomoni, akamwita mwanawe kwa jina. Bonde lilinyamaza. Akamwita mara ya pili, na jabali likarudisha jina lile kwa sauti isiyo ya mtu yeyote. Tulisikiliza mpaka ikaisha. Nilinyoosha mkono nimshike bega, nimrudishe nyumbani.

Aliuondoa mkono wangu, akavuta pumzi, akaita mara ya tatu.